Pikapu Isiyo na Kiti cha Mama Mkwe

Jamani, kuna aibu ambazo mtu huzikwa nazo, lakini hii yangu nimeona bora niitoe mwenyewe kwa mdomo wangu, maana kila anayeisimulia hapa Mafiga, Morogoro, huiongezea chumvi, na juzi nimemsikia mtu akiapa kwamba niliwahi kukamatwa kwa kuiba bibi kizee. Sikuiba mtu. Nilinunua gari tu, tena kwa nia njema kabisa, na nikakosea kitu kimoja kidogo, kidogo mno, ambacho hata wewe ungekipuuza. (Usiseme usingekipuuza. Ngoja kwanza.)

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mnakumbuka, magari ya mitumba yalipoanza kumiminika kutoka Japani na Dubai, na mtu uliyemwona jana na baiskeli leo anakupigia honi upishe. Mimi nilikuwa mwalimu wa Jiografia sekondari, mke wangu Perpetua, yaani Mama Anjela, alikuwa nesi, na tulikuwa tumejibana miaka na miaka tupate pikapu ndogo ya silinda nne, ya kazi nyepesi za nyumbani: kupeleka watoto kanisani, kuleta kabichi na njegere kutoka kwao Mgeta, kumwahisha mgonjwa wa jirani hospitalini. Na zaidi ya yote, kumleta mama yake.

Hapo lazima niwaeleze. Perpetua ni Mluguru wa huko juu milimani, mimi ni mtu wa Singida, kwetu ni tambarare tupu, na tangu nimwoe ilikuwa imepita miaka kumi na moja, mama mkwe hajakanyaga kwangu hata siku moja. Mwenyewe alisema ni kwa sababu ya malori ya mboga, ambayo ndiyo usafiri uliokuwepo, kwamba hayamfai mwanamke mwenye heshima zake kukalia viroba katikati ya wanaume. Wengine walisema hajanisamehe kwa kumteremsha binti yake mlimani. Sasa Anjela, mjukuu wake wa kwanza, alikuwa apokee Komunio ya Kwanza Jumapili ile, na mama mkwe akatuma habari kwa padri, padri akamwambia mtu, mtu akatuambia: mkija na gari lenu wenyewe, nitashuka. Perpetua alilia. Mimi nikavimba kichwa kama vile gari nimeliunda mwenyewe.

Basi Alhamisi nikaenda kwenye yadi moja karibu na Msamvu. Perpetua alikuwa zamu, hakuweza kuja, ila asubuhi alinifunga kifungo cha shati taratibu, na mke akikufunga kifungo taratibu ujue kuna jambo.

“Baba Anjela,” akasema, “mengine mtaangalia wewe na fundi. Mimi nataka kitu kimoja tu. Iwe na viti vya nyuma.”

“Nimesikia.”

“Umesikia nini?”

“Viti vya nyuma.”

“Hata vikiwa vidogo.”

“Hata vikiwa vidogo, Mama Anjela, mimi si mtoto.”

Yadi ilikuwa na pikapu mbili tu zilizotufaa. Moja nyeupe, imebonyea ubavuni, taa moja ina ufa, lakini nyuma ya kiti cha dereva kulikuwa na kakiti kengine ka watu wawili waliobanana. Ya pili, jamani. Ya pili ilikuwa ya bluu iliyoiva, ina michirizi ya fedha kutoka mbele hadi nyuma, bampa inameta unajiona meno, na ndani kulikuwa na redio ya kaseti yenye vitaa vidogo vya kijani vinavyocheza sauti ikipanda. Ilikuwa na kiti kimoja kirefu mbele, basi. Fundi niliyekwenda naye akafungua boneti zote mbili, akasikiliza, akanusa, akapangusa mikono, akasema injini ni zilezile, silinda nne zote nzima, “lakini ingekuwa mimi, ningechukua hiyo nyeupe.” Muuzaji, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya asali, akanishika bega akanigeuza upande wa bluu.

“Silinda nne hii, mwalimu. Mafuta haiyanywi, inadonoa tu kama kuku.”

Nikatikisa kichwa kama mjuzi. (Silinda niliyoijua mimi ni ile ya kupimia maji kule maabara.) Akawasha redio. Vile vitaa vikacheza. Na hapo ndipo nilipojiambia yale maneno yaliyoniponza, kwamba kwani viti vya nyuma ni nini, si ni mahali pa kukaa watu nyuma, na hii bodi nzima ya nyuma si ni ndefu kuliko ya ile nyeupe? Bodi nzima ni viti vya nyuma! Mwalimu mzima, nina cheti, nikajiridhisha kwa hoja hiyo, nikatia saini.

Jioni Perpetua aliizunguka mara moja, akaingiza kichwa dirishani, akakitoa.

“Viti vya nyuma viko wapi?”

“Tazama kwanza bodi ilivyo ndefu.”

Aliingia ndani akakata vitunguu, vitunguu vingi kuliko tulivyohitaji, na mimi nikaona busara nibaki nje nipanguse bampa.

Jumamosi tukapanda Mgeta wawili tu, watoto tumewaacha kwa jirani. Mimi nimevaa suti yangu ya Kaunda, rangi ya maziwa. Usiku kulikuwa na mvua, barabara ilikuwa inateleza, lakini tulifika, na tulipofika kijiji kizima kikaja kuiona bluu ile, wazee wakaipapasa, nami nikasimama nimeweka mkono juu ya boneti kama mtu anayepigwa picha. Akatoka Mjomba Klementi, kaka mkubwa wa mama mkwe, na kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo, nikamwamkia shikamoo kwa kuinama. Halafu akatoka mama mkwe mwenyewe. Kitenge kipya, mwavuli, rozari mkononi, mkoba mweusi. Nikamwamkia kwa mbali inavyotakiwa, akaitikia marahaba akitazama chini inavyotakiwa, kisha akaenda mlangoni mwa gari akachungulia. Akawa anazungumza na Perpetua, maana mimi hakuwahi kunisemesha moja kwa moja zaidi ya salamu.

“Mimi nakaa wapi?”

“Hapa mlangoni, mama. Mimi nitakaa katikati, mwalimu kule kwenye usukani.”

“Hiki kiti ni kimoja au viwili?”

Perpetua akanitazama. Akasema, “Kimoja, mama.”

“Basi. Kiti kimoja na mkwe sikai, hata mkimweka padri katikati.”

Perpetua hakunigombeza, lakini mtazamo ule ulikuwa na maneno yote ya asubuhi ya Alhamisi, pamoja na kifungo cha shati. Nikaanza kueleza habari za bodi ndefu. Mama mkwe akaanza kufungua mkoba aurudishe mwavuli ndani, na nikaona miaka kumi na moja mingine inakuja.

Mjomba Klementi ndiye aliyeokoa jahazi, au ndivyo tulivyodhani. Akaingia sebuleni kwa dada yake, akatoka na watu wawili wamebeba kiti kikubwa cha mbao chenye mikono, na kitambaa chake cha kufuma mgongoni, wakakipandisha kwenye bodi, wakakiegemeza kwenye kebini kikitazama nyuma, wakakifunga kwa kamba ya katani kila mguu. Mama mkwe akakitazama. Akapandishwa. Akakaa, akaweka mkoba magotini, akafungua mwavuli. Kwa kweli alipendeza. Perpetua akasema yeye atakaa huko huko nyuma amshike mama, na Mjomba, ambaye naye alikuwa amealikwa kwenye Komunio, akaingia ndani na mimi.

Sasa, gari likishuka kutoka mlimani si la kwako peke yako. Wakaja akina mama watano wa jumuiya ya kanisa na sare zao za kanga, wote wanateremka mjini. Wakaja viroba vya kabichi vya jirani. Wakaja kuku wawili. Ile pikapu ya kazi nyepesi za nyumbani ikakaa chini kama kuku anayetamia, nami nikang’oa nanga, mkono nje ya dirisha.

Mjomba Klementi alikuwa amewahi kuendesha lori la misheni kwa miaka mingi, na hakuniacha nisahau. “Hiyo gia inalia, mwalimu.” “Usikalie klachi, mwalimu.” Kisha akaigeuza saiti mira ya upande wake ajitazame kofia, akaiacha hivyohivyo, kisha akaanza kuchezea redio, na kile kitufe cha sauti (ambacho muuzaji hakukigusa zaidi ya robo, sasa najua kwa nini) kikapanda hadi mwisho kikakwama. Kaseti ilikuwa ya kwaya. Ikaimba sauti tatu kwa nguvu hadi ng’ombe wakageuka.

Tulikwenda vizuri hadi pale ambapo barabara, baada ya kushuka sana, inapanda tena kidogo, kilima kifupi cha tope jekundu, ambacho wakati wa kuja hata sikukiona. Silinda nne zikajitahidi. Zikakohoa. Zikazima. Nikawasha, tairi zikazunguka palepale. Akina mama wakashuka wasukume, Perpetua naye akashuka, isipokuwa mama mkwe, maana kushuka ilikuwa lazima abebwe, na kubebwa mbele ya mkwe haiwezekani. Wakasukuma. Tairi zikarusha tope nyuma kama mtu anayepepeta, na mira yangu kabla haijafunikwa na tope nilimwona Perpetua amekuwa mwekundu kuanzia kilemba hadi viatu. Mara gari likashika ardhi, likaruka mbele.

“Usisimame!” Mjomba akapiga kelele kuishinda kwaya. “Ukisimama hapa tunalala hapa! Kanyaga!”

Nikakanyaga. Nikafika juu, na nikawa nimenuia kabisa kusimama, Mungu ni shahidi yangu, ila juu ya paa la kebini nikasikia ngo, ngo. Mara mbili. Na nani katika nchi hii asiyejua kwamba mtu akigonga bodi mara mbili maana yake wote wamepanda, twende? Nyuma sioni, kiti na kitenge cha mama mkwe vimeziba kioo chote, mira yangu ina tope, ya Mjomba inaonyesha kofia. Nikaenda. Nikasikia tena, ngo, ngo, ngo, ngo. Nikamwambia Mjomba, “Leo watu wana haraka!” Naye akatikisa kichwa akaendelea kuimba sauti ya besi. Kila nilivyozidi kukimbia ndivyo kule juu walivyozidi kugonga, na kila walivyozidi kugonga ndivyo nilivyozidi kukimbia.

Nilisimama Sangasanga, kule njia ya mlimani inapokutana na barabara kuu, na nilisimama kwa sababu trafiki alinyoosha mkono. Pale huwa kuna wauza nyanya na ndizi, na siku ile, kwa bahati yangu, kulikuwa pia na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, kama sita hivi, wanasubiri gari. Nikazima injini, kwaya ikanyamaza, na katika ule ukimya nikamsikia mama mkwe kwa mara ya kwanza. Alikuwa amepiga kelele hadi sauti imekauka. Trafiki hakuja hata kwangu, alikwenda moja kwa moja nyuma, akamtazama bibi aliyekaa kwenye kiti cha sebuleni na mwavuli uliopinduka nje ndani.

“Shikamoo mama. Huyu dereva ni nani wako?”

Sasa mama mkwe hataji jina langu, hata leo. Akanyoosha ule mwavuli uliopinduka kuelekea kichwani kwangu.

“Muulize mwenyewe. Muulize mtoto wangu kamtupa wapi huko porini.”

Mlio wa wauza nyanya siwezi kuuiga. “Katupa mtoto!” “Mtoto gani?” “Wa huyo bibi, kamtupa porini!” Mtu mmoja akaja akachungulia chini ya viroba vya kabichi. Mimi nimetoka nje, nazunguka nyuma ya gari, naona kiti, naona kuku, naona mama mkwe, na Perpetua hayupo, na akina mama wa jumuiya hawapo.

“Siyo mtoto, afande!” nikapaza sauti. “Ni mke wangu!”

(Nilidhani nasaidia.)

“Katupa na mke!” wakapokea wauza nyanya.

Trafiki akaniomba funguo. Nyuma ya watu nikasikia sauti niliyoizoea ya darasani ikisema, “Huyo si Mwalimu wa Jiografia?” na nyingine ikajibu, “Ndiye, kapotea njia.” Nikamgeukia Mjomba Klementi anitetee, yeye ni mtu mzima na ana neno la mwisho, naye akashuka polepole, akavua kofia, akamsabahi afande, akamsabahi kila muuza nyanya, kisha akaanza kueleza tangu ukoo wao ulipoingia milimani. Alikuwa hajafika kwenye kuzaliwa kwa mama mkwe lori la kabichi lilipoteremka likifunga breki.

Juu ya kabichi, wamesimama sita, wekundu kama vyungu vibichi, walikuwa ni mke wangu na akina mama wa jumuiya.

Perpetua akashuka. Watu wakampisha. Akaja hadi mbele yangu, akapangusa tope kwenye jicho moja ili anione vizuri.

“Baba Anjela. Umenisahau?”

“Waligonga mara mbili,” nikasema.

“Nani aligonga?”

Wote tukamtazama mama mkwe. Mama mkwe akautazama mwavuli wake.

“Nilikuwa namwambia asimame,” akasema.

Trafiki aliuma midomo, akageuka upande, mabega yakawa yanatikisika. Baadaye akakohoa, akajikaza, akasema kesi hakuna, lakini mama hawezi kuingia barabara kuu akiwa amekaa juu ya kiti namna ile. Na mama mkwe akasema, tena safari hii kwa sauti ya watu wote, kwamba hata angeruhusiwa asingekaa tena, sasa atakaa ndani, kwenye kiti hicho hicho kimoja, na mkwe ndiye ahame.

“Sasa nani ataendesha, mama?” akauliza trafiki.

Hapo Mjomba Klementi akaingiza mkono kifuani, akatoa kitabu cha sala, na katikati ya kitabu cha sala, ndani ya karatasi ya nailoni, akatoa leseni. Trafiki aliisoma mbele na nyuma. “Mzee,” akasema, “hii iko hai kuliko mwenye gari.”

Kwa hiyo, ndugu zangu, niliingia Morogoro mjini, ndani ya gari langu mwenyewe nililolinunua kwa jasho, nikiwa nimekaa sakafuni mwa bodi kati ya kabichi na kuku, suti ya Kaunda imekuwa rangi ya mlima, kile kiti kikubwa kitupu kimefungwa mbele yangu na hakuna aliyenikaribisha kukikalia. Akina mama wa jumuiya walinizunguka wakicheka bila kuficha. Redio Mjomba aliiwasha. Tena hakupita njia fupi, alisema siku nyingi hajauona mji, akatupitisha Msamvu, akaizunguka stendi yote, polepole, gia ya pili, hailii hata kidogo. Mkuu wangu wa shule alikuwa amesimama nje ya duka la vitabu. Aliinua mkono kunisalimia, akasita, akaushusha.

Mama mkwe aliingia nyumbani kwangu saa tisa alasiri. Alivua viatu mlangoni, akamkumbatia Anjela muda mrefu, akaomba maji ya kunywa, na mimi nikaenda kuoga nyuma ya nyumba nikakaa huko kadiri mtu anavyoweza kukaa bafuni. Jumapili Komunio ilikwenda vizuri sana. Alikuwa amesema atalala siku mbili, akalala wiki mbili. Na usiku mmoja Perpetua akaniambia, “Mama anasema hajacheka namna ile tangu baba afariki. Anasema mle ndani ya gari alikuwa anakugeukia kukutazama kwenye kioo, anaficha uso kwenye kitenge. Anasema uendelee hivyohivyo.” Sikujua nishukuru au nikasirike. Nilishukuru.

Ile bluu niliirudisha yadi Jumatatu ya pili, nikaibadilisha. Ile nyeupe ilikwishachukuliwa na watu wenye akili, ikapatikana nyingine ya kijani cha bamia, kuukuu, haina redio kabisa, ila ina kiti cha nyuma chenye upana wake. Safari hii sikwenda na fundi peke yake. Perpetua alikuwepo, na mama mkwe alipanda, akafunga mlango, akajaribu kunyoosha miguu, akamwambia binti yake, “Huku sawa.” Yule muuzaji alipoanza habari za silinda nne na kuku wanaodonoa, nikamwambia, bwana, nyamaza, ngoja wenyewe waseme.

Na nimeapa. Kuanzia siku ile, kitu chochote cha kukaliwa, kiwe gari, kiwe kochi, kiwe kigoda cha kukunia nazi, sinunui mpaka atakayekikalia aje akikalie kwanza, na wakati anakikalia mimi nasimama pembeni, mikono nyuma, sisemi neno.